Picha Inapoharibika Kwenye Kompyuta: Tafuta Kasoro Ilipo Kabla ya Kutoa Pesa

UTANGULIZI



Wanafunzi wapenzi, pamoja na wazazi mnaosoma nao jarida hili. Katika somo letu la kompyuta la mwaka huu tumeona ni vyema tulizungumzie tatizo ambalo hula pesa za familia nyingi bila sababu, nalo ni kuharibika kwa picha kwenye skrini. Mtu huwasha kompyuta akakuta mistari ya rangi, au vijisanduku vilivyotawanyika, au herufi zisizosomeka, au rangi zote zimegeuka manjano, au skrini inazima na kurudi. Hapo wengi husema, "Kompyuta imekufa." Wengine huambiwa, hata kabla kompyuta haijaguswa, kwamba kadi ya picha imeungua. Basi hununuliwa kadi nyingine, na mistari ikabaki pale pale, kwa kuwa kasoro ilikuwa kwenye waya.

Sisi hatutaki mwanafunzi wetu awe mtu wa kukisia. Kama vile hukumu haitolewi bila ushahidi, kadi nayo isihukumiwe bila majaribio. Somo hili lote lina kanuni moja: jua kwanza kasoro iko wapi, ndipo utoe pesa. Majaribio mengi tutakayoyataja hayana gharama yoyote ila dakika chache na subira.

1. KADI YA PICHA HUFANYA KAZI GANI?

Skrini ni uwanja wa nukta ndogo ndogo za mwanga. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Ukizidisha utapata nukta 2,073,600. Kila nukta ina taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila taa ina ngazi 256 za mwanga, na kwa kuzichanganya tatu hizo hupatikana rangi 16,777,216.

Skrini nyingi hupokea picha mpya mara 60 kwa kila sekunde. Maana yake ni kwamba nukta zaidi ya milioni 124 hutumwa kwenye skrini kila sekunde, na kila moja lazima ifike mahali pake na kwa rangi yake. Kazi hiyo ndiyo ya kadi ya picha. Ina chipu yake ya kupigia hesabu, na ina kumbukumbu ya kuhifadhia picha kabla ya kuituma. Baadhi ya kompyuta zina kadi inayochomekwa kwenye ubao mama. Nyingine, hasa kompyuta mpakato, sehemu ya picha imo ndani ya prosesa yenyewe, nayo huazima nafasi kutoka kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, yaani RAM.

2. SAFARI YA PICHA

Ili mpate kuielewa njia ya uchunguzi, shikeni vituo vinne ambavyo picha hupitia:

(a) Draiva, yaani programu inayoiambia kadi nini cha kuchora.
(b) Kadi yenyewe, pamoja na kumbukumbu yake, feni yake na umeme wake.
(c) Waya unaotoka kwenye kadi kwenda kwenye skrini.
(d) Skrini yenyewe, yaani monita.

Kasoro ikitokea katika kituo chochote kati ya hivi, mtumiaji huiona mahali pamoja tu, kwenye skrini. Hii ndiyo sababu watu hukosea. Kazi yetu ni kuuliza kila mara: je, picha ilikuwa nzima ilipotoka kwenye kituo hiki?

3. MAJARIBIO MATANO

Fanyeni majaribio haya kwa mpangilio, na muandike daftarini mlichokiona.

Jaribio la kwanza: kasoro huanza lini? Zima kompyuta, kisha iwashe huku ukitazama skrini tangu mwanzo. Kabla Windows haijaanza, hutokea jina la kampuni iliyotengeneza kompyuta au maandishi meupe kwenye weusi. Wakati huo draiva ya Windows haijapakiwa. Ikiwa mistari ipo tangu hapo, basi si kosa la draiva, wala si kirusi, wala kuweka Windows upya hakutasaidia kitu. Tafuta kwenye kadi, waya au skrini. Ikiwa mwanzo ni safi na kasoro huja baada ya Windows kufunguka, draiva inaingia katika orodha ya washukiwa.

Jaribio la pili: menyu ya monita. Monita nyingi zina vitufe vyake vya kurekebishia mwanga. Ukibonyeza, hutokea menyu ndogo. Menyu hiyo huchorwa na monita yenyewe, haitoki kwenye kompyuta. Chomoa waya wa picha, kisha tazama menyu hiyo au maandishi ya kukujulisha kuwa hakuna picha inayoingia. Mistari ikiendelea kuonekana, mwenye kasoro ni monita, na kadi haina hatia.

Jaribio la tatu: piga picha ya skrini. Kasoro inapoonekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha Print Screen. Picha itahifadhiwa kwenye jalada la picha. Itume kwenye simu au ipeleke kwa flashi kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu ukiitazama kwenye skrini ile ile utaona mistari ile ile na hutajifunza lolote. Ikiwa kwenye simu picha ni safi, yaelekea imeharibika njiani baada ya kuchorwa, yaani kwenye tundu la kadi, waya au skrini. Ikiwa na kwenye simu imeharibika, basi ilichorwa vibaya tangu mwanzo, na hapo tunatazama draiva na kadi.

Jaribio la nne: badilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza badilisha waya. Kisha, kama ipo, tumia skrini nyingine. Hata televisheni yenye tundu la HDMI inafaa. Msibadilishe vitu viwili kwa pamoja, kwani kasoro ikiondoka hamtajua ni kipi kilichoiondoa. Wenye kompyuta mpakato wachomeke skrini ya nje. Ya nje ikiwa safi na ya ndani ikiwa chafu, kasoro iko kwenye skrini ya kompyuta hiyo au waya wake mwembamba unaopita kwenye bawaba. Alama yake ni kwamba mistari hubadilika ukiinua au ukishusha kifuniko. Zote mbili zikiharibika kwa namna moja, tazama draiva na sehemu ya picha.

Jaribio la tano: hali salama. Kwa Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya kompyuta. Itafunguka menyu ya buluu. Nenda sehemu ya utatuzi, kisha chaguo za ziada, kisha mipangilio ya kuanza, na kompyuta ikiwaka upya bonyeza namba 4. Katika hali hii Windows hutumia draiva yake ya msingi tu. Kasoro ikitoweka, draiva inashukiwa sana. Lakini kumbukeni kwamba katika hali hii kadi haifanyi kazi nzito, hivyo kadi dhaifu nayo inaweza kuonekana nzima. Jaribio hili ni shahidi mmoja tu, lisikilizwe pamoja na mengine.

4. DALILI NA MAANA ZAKE

Skrini nzima kuwa na rangi moja. Dalili hii huonekana sana kwenye waya wa VGA, ule wenye pini ndogo katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. Mfumo wa VGA ulitolewa na IBM mwaka 1987 na bado uko kwenye monita nyingi za zamani. Ndani yake rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kila moja kwenye pini yake: pini ya 1, ya 2 na ya 3. Katika mwanga, nyekundu na kijani zikichanganyika huwa manjano. Basi skrini ikigeuka manjano, rangi ya buluu haifiki. Ikigeuka waridi iliyokolea, kijani haifiki. Ikigeuka buluu ya kijani, nyekundu haifiki. Chomoa waya utazame kama kuna pini iliyopinda. Mkikuta pini ya 9 haipo kabisa msishtuke. Nyaya nyingi hutengenezwa hivyo.

Vinukta vinavyometameta, au skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja na kurudi. Ikiwa mnatumia HDMI, anzeni na waya. Waya mrefu mno, dhaifu au uliolegea hupoteza sehemu ya picha njiani.

Mstari mmoja wa wima usiohama, wenye rangi ile ile siku zote. Mara nyingi ni ugonjwa wa skrini. Jaribio la pili litathibitisha.

Vijisanduku, herufi ngeni na mistari iliyopangika skrini nzima, tangu kompyuta inapowaka. Hii ni dalili kubwa ya kadi, hasa kumbukumbu yake. Lakini kama sehemu ya picha imo ndani ya prosesa, kumbukeni kuwa inaazima RAM. Zima kompyuta, acha kipande kimoja cha RAM, jaribu, kisha kibadilishe na kingine. Kipande kibovu cha RAM kinaweza kuchafua picha, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya ubao mama.

Picha kuharibika baada ya dakika kadhaa za kutazama video au kucheza mchezo. Hapa tunashuku joto au umeme. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mfungue sehemu ya utendaji. Kwa kadi nyingi za kuchomekwa joto lake huandikwa hapo. Digrii 60 hadi 85 wakati wa kazi nzito ni jambo la kawaida kwa kadi nyingi. Joto likipanda kupita hapo na picha ikavurugika, tazama feni na vumbi.

Kasoro kuanza siku ile ile Windows ilipojisasisha. Shuku draiva. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Orodha ya vifaa itafunguka. Kwenye kifaa cha picha kuna nafasi ya kurudisha draiva iliyotangulia. Ikiwa haipo, pakueni draiva kutoka kwa waliotengeneza kompyuta au chipu yenyewe, yaani Intel, AMD au NVIDIA, si kutoka popote tu. Mkiona alama ya mshangao ya manjano na kodi 43, maana yake Windows imekisimamisha kifaa hicho kwa sababu kimeripoti matatizo.

Skrini kuganda au kuwa nyeusi ghafla wakati kompyuta bado inafanya kazi. Jaribuni kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha huanzishwa upya bila kufunga kazi yenu.

Picha kukatika katikati kama karatasi iliyopasuliwa, wakati wa mwendo wa haraka tu. Huu si ugonjwa. Kadi inatoa picha kwa kasi isiyolingana na ya skrini. Marekebisho yake yamo kwenye mipangilio ya mchezo au ya kadi. Mtu asikuuzie kadi mpya kwa sababu hii.

5. VUMBI, UMEME NA JOTO

Majaribio yakionyesha kuwa kadi ndiyo mshukiwa, bado haijathibitika kuwa imekufa. Zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli wa mwilini. Toa kadi kwa kulegeza skrubu na kile kibano kidogo kilicho mwisho wa tundu lake. Ondoa vumbi kwa brashi laini, ukiishikilia feni isizunguke. Tazama meno ya rangi ya dhahabu. Kwetu huku pwani hewa ya chumvi na unyevu huyachafua haraka. Yafute taratibu kwa ufutio safi, pangusa mabaki yake, kisha rudisha kadi mpaka kibano kijifunge chenyewe. Kadi isiyokaa sawasawa huleta dalili zote za kadi iliyoungua.

Baada ya hapo tazameni umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada: wenye pini 6 huongeza wati 75, na wenye pini 8 huongeza wati 150. Kompyuta nyingi za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika zina pawasaplai ndogo. Ukiweka humo kadi ya michezo, picha itavurugika au kompyuta itazima kila kazi inapozidi, na kadi italaumiwa bure.

Mwisho, toa kadi kabisa na uchomeke waya kwenye tundu la picha la ubao mama. Picha ikiwa safi hapo, sasa ushahidi dhidi ya kadi umekuwa mzito. Angalieni tu kwamba si kila prosesa ina sehemu ya picha. Za Intel zenye herufi F mwishoni, kwa mfano i5-12400F, hazina.

6. HADHARI KUHUSU KUPASHA CHIPU MOTO

Kuna matengenezo ambayo tunataka kila mzazi ayafahamu. Kompyuta mpakato iliyoharibika picha hupelekwa dukani, chipu yake ikapulizwa hewa ya moto, na picha ikarudi. Mwenye kompyuta hulipa kwa furaha. Baada ya siku au wiki, mistari hurudi. Kwa nini?

Tuchukue mfano unaojulikana. Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 za Marekani kwa ajili ya gharama za chipu zake za kompyuta mpakato zilizokuwa zikiharibika kuliko kawaida, kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zilizotumika kuifungia chipu. Oktoba mwaka huo Apple nayo ilitangaza kuwa baadhi ya kompyuta zake za MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT zingeweza kuathirika, na ikajitolea kuzitengeneza bila malipo. Dalili zilizotajwa ndizo tunazozisoma hapa: picha kuvurugika, au kutokuwepo kabisa.

Chipu hushikana na kitako chake kwa vitone vidogo sana vya risasi ya kulehemia. Kompyuta ikiwaka hupata joto na kutanuka. Ikizimwa hupoa na kusinyaa. Mara elfu kwa elfu vitone hivyo huchoka na kupata nyufa. Hewa ya moto huvifanya viguse tena kwa muda, lakini ufa uko pale pale. Wapo hata wanaoiweka kadi kwenye oveni ya jikoni. Hilo msilifanye kamwe, kwani plastiki na kemikali za kadi hutoa moshi wenye madhara mahali panapopikwa chakula. Dawa ya kweli ni kubadilisha chipu kwa chipu mpya, au kubadilisha kadi au ubao mama. Kabla ya kulipa, muulizeni fundi: "Unabadilisha chipu, au unaipasha moto?" Fundi mkweli atawaambia, na wapo wengi wakweli.

Jambo hili lina upande wake wa dini pia. Mtu akiipasha moto kompyuta, ikapona kwa wiki moja, kisha akaiuza ndani ya wiki hiyo bila kumwambia mnunuzi, ameficha aibu ya bidhaa. Mliosoma mlango wa biashara katika fiqhi mnaijua hukumu yake, na mnajua mnunuzi ana haki ya kuirudisha. Anayeuza na aseme kasoro iliyopo. Anayenunua kilichotumika na aiwashe mbele ya muuzaji, aitazame tangu maandishi ya kwanza, na acheze video kwa nusu saa kabla ya kutoa pesa.

7. MAZOEZI

1. Monita imegeuka manjano yote. Ni rangi gani haifiki, na utatazama nini kwanza?
2. Mistari ipo kabla Windows haijaanza. Rafiki yako anataka kuweka Windows upya. Utamshauri nini?
3. Picha ya skrini uliyoituma kwenye simu ni safi, lakini monita ina mistari. Ni vituo gani utavichunguza?
4. Kompyuta mpakato huonyesha mistari ukifungua kifuniko sana, na huwa safi ukikishusha. Kasoro yaelekea iko wapi?
5. Kadi inayohitaji wati 180 imewekwa bila waya wa ziada. Tundu la ubao mama litaipungukia kwa wati ngapi?

Majibu: (1) Buluu; waya wa VGA na pini zake. (2) Asiweke, kwani draiva ya Windows haijapakiwa wakati huo. Achunguze skrini, waya na kadi. (3) Tundu la kadi, waya na skrini. (4) Waya wa skrini kwenye bawaba. (5) Wati 105.

HITIMISHO

Wanafunzi wapenzi, elimu hii isiishie daftarini. Akija jirani akasema kompyuta yake imekufa, msimwambie "nunua" wala "tupa". Mwambieni, "Tuanze na waya." Mkifika kwenye kadi mkiwa na ushahidi, mtakuwa mmemwokolea mtu riziki yake, na hata mkimpeleka kwa fundi mtakwenda mkijua la kuuliza.

Wabillahi tawfiq.